Sumaku za Matopeni

Jambo lile lilitugharimu mashine ya boti, mikorosho yote ambayo wifi yangu Somoe aliachiwa na babake kule Tingi, na kaka yangu Sefu. Nimejumlisha mara mbili na jibu ni lile lile. Sefu nimemweka mwisho kwa sababu mashine ilipata mnunuzi, mikorosho ikapata mnunuzi, ila yeye, siku alipokubali kutoa sehemu tu ya mwili wake, hakuna aliyeitaka.

Nisingekaa kuyaandika haya kama Anjela asingerudi. Wiki mbili zilizopita alibisha hodi hapa kwangu Mitwero, nje kidogo ya Lindi, nyuma yake vijana wawili wa chuo wamebeba ndoo zenye vifuniko, na kabla sijamtambua sura niliyatambua matope kwa harufu, ile ya yai viza inayotoka mikokoni ukichimbua kwa mguu. Sasa ni profesa, kichwa cheupe, magoti yanamgomea. Nilimpakulia wali wa nazi na pweza, nikamwacha ale, halafu nikamwuliza kile ambacho mfanyabiashara yeyote angeuliza baada ya miaka ishirini na kitu: mzigo umefika? Akaweka kijiko chini. "Bado, Mwana." "Hakuna hata hospitali moja inayoitoa hiyo dawa?" "Hakuna. Bado tuko kwa panya. Panya wanapona, nakuambia kweli, panya tumewaponya wengi." Nikasema hongera zao, nikamwongezea mchuzi. Hakuna kilichobaki cha kugombania kati yetu. Mie na yeye tulishachoka kukasirika siku nyingi. Lakini alipoondoka kwenda kulala gesti, nilibaki na sahani yake mkononi nimesimama tu, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Kilwa Masoko kikanirudia chote, na chupa zake.

Ilikuwa ule mwaka gesi ya Songo Songo ilipoanza kupelekwa Dar. Wageni walijaa Masoko, na mtu mwenye chumba kimoja cha akiba alijiona mwenye hoteli. Mie nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa kwa kaka Sefu na mkewe, napika na kuuza maandazi asubuhi. Chumba cha mbele tulimpangisha Anjela, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka Mbeya kuja kutafuta wadudu wasioonekana kwa macho. Sefu alimtajia kodi mara mbili ya ile aliyokuwa ameikusudia, ili apate pa kushukia, na Anjela akasema sawa, akafungua pochi. Sefu alikosa raha siku nzima. Alisema mtu asiyejua kupatana ni wa kumwogopa, kwa sababu hujui mwisho wake uko wapi. Basi akamrudishia nusu kwa nguvu, na Anjela akamshukuru mara nyingi sana, jambo ambalo nalo lilimkera.

Chumba kile alikigeuza maabara. Dirishani alipanga chupa za achari, ambazo nilimtafutia mwenyewe kwa wenye maduka, robo tope na robo tatu maji ya bahari, na kila chupa ameibandika sumaku ubavuni kwa plasta ya kidonda. Godoro lake lilikuwa chini, kwa sababu meza na kitanda vyote vilichukuliwa na hadubini, vikombe na makaratasi. Somoe, ambaye hakuweza kupita uchafu bila kuusemea, alisimama mlangoni siku ya kwanza akauliza, "Dada Anjela, kwenu Mbeya matope yamekwisha?" Anjela akacheka, akatuita wote watatu tuangalie. Nilipoweka jicho pale niliona vinukta vinakimbia, kila kimoja na njia yake. Akaleta sumaku karibu, vyote vikageuka upande mmoja kama watu waliosikia adhana. Akaigeuza, navyo vikageuka. Sefu aliomba ashike sumaku mwenyewe. Aliinama pale mpaka chai ikapoa, anageuza huku, anageuza kule. "Wananisikia hawa," akasema.

Anjela alieleza, na alieleza vizuri, hilo simnyimi. Alisema bakteria hawa wanakula chuma kilichomo kwenye tope na kukitengeneza ndani ya miili yao kuwa chembe za sumaku, zimejipanga mstari mmoja kama shanga kwenye uzi, kila chembe imevikwa ngozi yake nyembamba. Chembe zote zinalingana ukubwa kuliko zile ambazo mtu anaweza kuzitengeneza kiwandani. Mdudu anazitumia kujua chini ni wapi, arudi topeni kwenye hewa ndogo anayoipenda. Wa kwetu huku, akifuata kusini ya dunia, njia inamshusha; wenzake wa Ulaya wanashuka kwa kufuata kaskazini. Somoe akasema basi wa Ulaya wakija huku watapaa, na Anjela akasema ndivyo kabisa. Tulikuwa tunakula ming'oko ya kuchemsha, mizizi yetu ya porini, na chai, jasho linatutoka, na nakumbuka niliwaza kwamba mtu anaweza kuwa na elimu na bado akawa na adabu ya kula kwa mkono na wenye nyumba. Halafu akasema lile neno. Alisema kuna watu nchi za nje wanazitoa hizi chembe kwenye mdudu, wanazisafisha, wanazipachika dawa, na siku moja huenda zikachomwa kwenye damu ya mgonjwa wa saratani, zivutwe kwa sumaku mpaka kwenye uvimbe, au zitikiswe kwa mashine mpaka zipate moto, zichome uvimbe peke yake bila kisu. Sefu aliacha kutafuna.

Wakati ule uvimbe wa Sefu tulikuwa hatujamwambia mtu. Ulikuwa juu ya goti la kushoto, upande wa ndani, mgumu, na alishauita jipu, akauita baridi, akauita kuteguka. Wiki chache kabla alipelekwa Dar kwa barua ya hospitali ya wilaya, na daktari wa kule akamwambia ni saratani ya mfupa na kwamba mguu ukatwe kutoka juu ya paja, mapema, wakati bado kuna nafasi. Sefu alirudi na karatasi ya miadi. Tulimkuta uani anavua viatu. Somoe akamwuliza wamesemaje. Akasema, "Ameanza na mguu mzima." Somoe hakuelewa. "Yule daktari. Mtu akianza na mguu mzima, ujue yuko tayari kupokea kidole. Mwache akae na bei yake, atashuka."

Hapa lazima nieleze kazi yake, maana bila hiyo mtu atadhani kaka yangu alikuwa mjinga, na hakuwa. Sefu alikuwa mnunuzi wa pweza. Maji yakitoka alivuka kwenda Songo Songo kungoja wanawake wanaotoka mwambani na vyuma vyao vya kuvulia. Nilifuatana naye mara nyingi kubeba mizani. Unamkuta mama amekaa mbele ya ndoo iliyofunikwa kwa kanga, unamwamkia, anakwambia leo hakuna kitu. Hakuna anayemwita mwenzake mwongo. Unakaa. Unauliza watoto, unauliza mguu wa mama mkwe. Unainuka, unaaga. Anakuacha uende hatua kadhaa, halafu anasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Labda wale wawili wadogo." Unarudi. Unataja bei, anasema ni ya mtoto wake, haiuzwi. Unainuka tena. Ikifika mara ya tatu kanga inafunuliwa, na chini yake kuna pweza wa kumtosha mbunge. Neno "hakuna" kwetu lilikuwa salamu. Sefu aliishi kwa neno hilo toka ujana, alilisha watu watatu kwalo, na katika maisha yake yote hakuwahi kuambiwa "hakuna" ikawa kweli hakuna.

Kwa hiyo jioni ile ya ming'oko alimwonyesha Anjela paja lake. Anjela alibadilika rangi. Alimwuliza amepimwa wapi, akasoma karatasi ya Dar, akamwambia, "Kaka Sefu, nenda ukakatwe. Usisubiri." Sefu akatikisa kichwa taratibu kwa heshima. "Na hizi zako?" "Hizi zangu bado. Hazijawekwa kwa mtu. Wanajaribu kwenye vikombe na kwa panya." "Panya walipona?" "Uvimbe ulipungua kwa baadhi yao." "Nani aliwalipia?" Anjela akashangaa. "Panya hawalipi." "Basi hapo ndipo pa kuanzia," Sefu akasema. "Mimi nitalipa." Akaaga, akaenda kulala. Chumbani nilimsikia anamwambia Somoe, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuona mzigo mzuri, kwamba muuzaji akikuelekeza duka la jirani, ujue anacho.

Toka hapo mwaka wote ulikuwa wa kupatana. Miadi ya Dar ilipita. Sefu alimpeleka Anjela mikokoni bila nauli, kila kijito alichokijua, akitangulia na kuburuza mguu kwenye tope ili Anjela asizame. Alimletea pweza wa kwanza wa kila safari, akamtafutia korosho zisizovunjika. Kila baada ya siku kadhaa alikaa kizingitini mwa chumba cha mbele, akauliza Mbeya wanalimaje mwaka huu, mama hajambo, halafu anasogea: na zile chembe? Anjela anasema hakuna. Sefu anasema haya, anainuka, anafika kwenye mlango wa nje, anasimama. Nilikuwa namwona kwa dirisha la jikoni. Alikuwa anasimama pale anangoja kuitwa, mgongo wake umetulia kabisa, kama alivyosimama maelfu ya mara mchangani Songo Songo. Haitwi. Anatoka. Kesho yake anasema, "Huyu binti ana uvumilivu. Nilimdharau kwenye kodi."

Mashine ya boti aliiuza kabla ya Ramadhani. Alisema fedha ya kuonekana inalainisha mtu, na akaziweka noti kwenye kopo la maziwa, akalifungua mbele ya Anjela tukiwa tunafuturu. Uji ulikuwa bado wa moto. Anjela alilitazama lile kopo kama limetiwa nyoka. Alimgeukia Somoe. "Dada Somoe, nisaidie. Mwambie mumeo aende Dar na hizi." Somoe alikuwa mwanamke mkali na alimwamini mumewe katika biashara peke yake, si katika jambo jingine. Akasema, "Dada, sisi hatuna haraka. Sema tu kama hazitoshi." Mie nilimimina uji. Nilikuwa mdogo wao wote na nilimwamini Sefu kuliko karatasi, lakini naikumbuka sura ya Anjela wakati ule, na siku hizi nikiwa dukani mtu akaniambia hana, huwa nachelewa kidogo kumjibu.

Anjela alijaribu kila njia, maskini. Alileta daktari wa wilaya nyumbani. Sefu akamkaribisha chai, na baadaye akasema wameungana wampandishie bei. Alimwambia atahama, Sefu akaacha kumtoza kodi. Kuna siku, baada ya swala ya alasiri, niliwasikia kupitia ukuta wa udongo. Anjela alikuwa analia na kusema kwa pamoja. "Nitakwambiaje ili usikie? Sina. Hata ukinipa nyumba hii na kila kilichomo, sina." Halafu hatua za Sefu, moja nzito na moja nyepesi. Alitoka uani akatukuta mie na Somoe tunachambua mchele, na alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Mmesikia?" akasema. "Leo ametaja nyumba."

Uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa nazi changa. Suruali hakuvaa tena, alikaa na msuli. Mashine imeuzwa, kwa hiyo Songo Songo walikwenda wengine, na kopo la maziwa lilianza kutulisha. Hapo akaja na shauri jipya: aliomba sumaku moja na chupa moja, vya kutazama tu, na Anjela akampa, maana alikuwa amemnyima kila kitu kingine. Siku chache baadaye Anjela aliingia chumbani kwao kumpelekea dawa ya maumivu na kumkuta amelala, paja limepakwa tope lile la chupani, na juu yake sumaku imefungwa kwa kipande cha kanga ya Somoe, fundo safi kabisa. "Si umesema zinaifuata sumaku," Sefu akamwambia. "Basi nimeiweka penyewe." Anjela alikaa sakafuni. Alimweleza, tena na tena, kwamba tope haliingii mwilini, kwamba chembe lazima zitolewe, zisafishwe, zipimwe, kwamba hata zikiingia hakuna mashine ya kuzitikisa Tanzania nzima. Sefu alisikiliza yote. Akamwuliza hiyo mashine inauzwa wapi.

Anjela aliondoka mwisho wa kipupwe. Utafiti wake ulikuwa umekwisha na chuo kilimwita. Alifunga chupa zake kwenye sanduku, amezizungushia maranda ya mbao, na alipokuja kuaga, Sefu alikuwa kitandani, hainuki tena vizuri. Anjela alimbusu mkono. Sefu akamtazama yeye, akalitazama sanduku, akatutazama sisi, na nikaona kitu kinafika usoni pake ambacho sikuwahi kukiona, hata siku bei zilipoanguka na pweza wakaoza kwenye barafu. Mnunuzi ndiye anayeondoka, siku zote. Muuzaji hukaa na ndoo yake. Muuzaji akiinuka akaenda zake, na ndoo mkononi, basi hakukuwa na biashara. Gari lilipoondoka alisema, "Kumbe alikuwa hana." Alisema kwa upole tu, kama mtu aliyekumbushwa jina alilolisahau. Kisha akamwambia Somoe atafute fedha, waende Dar, anatoa mguu.

Somoe aliuza mikorosho ya Tingi kwa mjomba wake wiki ile ile, kwa bei ya mtu mwenye haraka, yaani si bei. Tulikwenda watatu. Daktari alikuwa yule yule. Alimpiga picha kifua, akazitundika kwenye taa, akatuonyesha madoa mapafuni, mengi, kama mawimbi yametupa kokoto. Alisema mguu hautasaidia tena. Sefu akasema, "Uchukue wote." Daktari akasema hapana, mzee. Sefu alikuwa na miaka thelathini na nane. Akasema tena, polepole, labda daktari hajamsikia, kwamba hashushi bei, ni mguu mzima, kama alivyosema mwenyewe mara ya kwanza. Yule daktari alivua miwani. Akasema hakuna kitu cha kufanya. Na Sefu, ambaye sasa alikuwa amejifunza maana ya neno hilo, hakuinuka wala hakuaga wala hakungoja kuitwa. Alibaki amekaa mpaka nikamshika mkono.

Alifia chumba cha mbele, tulimhamishia pale kwa sababu kina upepo. Harufu ya tope ilikuwa haijatoka. Siku zake za mwisho hakuzungumza habari za dawa. Alinieleza jinsi ya kushika mizani, nani Songo Songo anaficha wakubwa chini na nani anaficha pembeni, na mie nikakariri, na kwa hayo nimekula mpaka leo. Matanga yalipokwisha Somoe alikunja mkeka, akasema neno moja: "Tulipungukiwa." Nilidhani ni uchungu unasema. Akarudi Tingi kulima shamba la kuazima, akitazama mikorosho yake inavyookotwa na wengine.

Sikujua kwamba neno lile Somoe alilichukua na kulitunza. Juma lililopita nilimpigia simu kumwambia Anjela amekuja, na kwamba anataka kumwona ampe pole ambayo hakuwahi kuitoa. Nilitegemea matusi. Kwanza nikasikia kuku wa nyumba nyingine. Kisha akasema, "Nitakuja, wifi. Pole yake sina kazi nayo. Nataka anitajie bei." Nikamwambia, wifi, hapakuwa na bei, Sefu mwenyewe alikubali kabla hajafa. "Alikubali kwa sababu alichoka. Mimi sikuchoka. Sinunui tena, wala sitamshitaki. Nataka kujua tu tulipungukiwa kiasi gani, nife nimejua." Nikataka kubisha, lakini nikaona anachokitafuta. Kama hapakuwa na bei, basi mumewe alikaa mwaka mzima kizingitini anapatana na matope, huku mguu wa kumwokoa ukiwa unaozea mwilini, na yeye Somoe alikaa pembeni akisema hatuna haraka. Kama bei ilikuwepo, basi walikuwa maskini tu, na kuwa maskini si kosa la mtu.

Nilimpelekea Anjela maneno hayo gesti, neno kwa neno. Alisikiliza huku anasugua goti. Akasema, "Nikitaja bei, nitakuwa nimemuua mumewe kwa tamaa yangu." Nikasema ndiyo. "Nisipotaja, nitakuwa nimemwambia alijiua." Nikasema ndiyo. Akaniuliza mie ningefanyaje, nikamwambia sijui, mie ni wa pweza. Akasema atafanya nitakavyomwambia, atakaa Lindi mpaka Jumamosi, na Somoe anafika Jumamosi hiyo hiyo. Kwa hiyo nawauliza ninyi mliosoma mpaka hapa, maana nimelipima jambo hili mara mbili na mizani haitulii: nimwambie Anjela aseme kweli, au nimwombe ataje bei? Na kama ni kutaja, itajwe ngapi? Iwe karibu na ile fedha ya kwenye kopo, Somoe ajue walikaribia, au iwe mbali kiasi kwamba hakuna mtu wa Kilwa angeweza kuifikia?